Goshi na Demani: Historia ya Kupishana kwa Vyombo vya Tanga

Katika majira ya kusi jahazi moja latoka Bagamoyo kwenda Tanga. Upepo wavuma kutoka baina ya kusini na kusini-mashariki. Jahazi laelekea kaskazini, upepo u nyuma yake kwa upande wa kulia, na tanga limefunguliwa lote upande wa kushoto. Wakati huo huo mashua iliyotoka Pangani yaelekea Bagamoyo, na kwa kuwa upepo u mbele yake haina budi kubisha: kitambo yaelekea bahari kuu, kitambo yaelekea bara. Sasa imo katika mkato wa kwenda bara, na upepo waipiga upande wa kushoto. Njia za vyombo hivi viwili zakutana mahali pamoja, na kila kimoja kikiendelea kama kiendavyo vitagongana. Ni kipi kitakachopisha?

Hadi tarehe 31 Agosti 1965 kanuni za bahari za mataifa zilijibu kuwa ni jahazi. Tangu siku iliyofuata zajibu kuwa ni mashua. Upepo haukubadilika siku hiyo, wala miamba ya pwani, wala mbao za vyombo. Kilichobadilika ni fikira iliyo chini ya kanuni, nayo ina historia ndefu ambayo ni nadra kusimuliwa kwa Kiswahili, ingawa Kiswahili kina maneno ya kuisimulia kuliko lugha nyingi za bara zilizokwisha kuandikiwa sheria za bahari.

Yafaa maneno hayo yawekwe wazi kwanza, maana wengi wa wasomaji wa leo wameyapata vitabuni na si chomboni. Goshi, ambalo wengine hutamka joshi, ni pembe ya chini ya tanga iliyo upande wa omo, pamoja na kamba yake. Demani ni kamba ya pembe ya nyuma, ile ambayo baharia huivuta ili kulikaza tanga au huilegeza ili kulifungua. Kutokana na sehemu hizo mbili za tanga, pande mbili za chombo zikapata majina: upande wa goshi ni ule unakotoka upepo, na upande wa demani ni ule unakokwenda upepo. Chombo kinachopanda kinyume cha upepo kwa kukata pembe huku na huku husemwa kuwa chabisha, au chaenda bisho. Kile ambacho upepo u nyuma yake au ubavuni pake hakina taabu hiyo, na katika maelezo haya kitaitwa chombo chenye upepo mwema. Kulia na kushoto ni kwa mtu aliyekaa tezi akitazama omo.

Sheria za kale hazikushughulika sana na swali la nani apishe. Swali lao lilikuwa nani alipe. Katika Digesta, mkusanyo wa sheria za Kirumi uliotolewa kwa amri ya mfalme Justinian mwaka 533, mwanasheria Ulpian ataja merikebu iliyoigonga mashua ya mtu mwingine, na hukumu yategemea uwezo wa mabaharia: ikiwa waliweza kuepa na kwa uzembe wao hawakuepa, wadaiwa, ikiwa kamba ilikatika, au hapakuwa na mtu wa kuiongoza, mwenye merikebu hadaiwi. Sheria za Oléron, zilizotumika katika bandari za magharibi ya Ulaya tangu karne ya 12 au ya 13, zaeleza habari ya merikebu iliyotia nanga ikagongwa na nyingine iingiayo bandarini. Nahodha na mabaharia wa ile iliyogonga waliapishwa kuwa hawakukusudia, kisha hasara ikagawanywa nusu kwa nusu. Sababu iliyotolewa yaonyesha kuwa waliotunga sheria hiyo waliwajua watu wa bandarini vizuri: kama mwenye chombo kilichogongwa angelipwa hasara yote, mtu mwenye merikebu kuukuu angeiweka makusudi katika njia ya merikebu nzuri ili igongwe naye apate fidia.

Pwani ya Afrika Mashariki, ambako Waislamu wengi ni wa madhehebu ya Shafii, jibu lilipatikana katika Minhaj al-Talibin cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Kitabu hicho kilisomwa na kusomeshwa na wanavyuoni wa pwani, na makadhi walihukumu kwa kukitegemea. Humo suala la vyombo viwili kugongana limewekwa pamoja na habari za diya, nyuma ya suala la watu wawili wanaogongana wakiwa wamepanda wanyama. Vyombo hupimwa kwa kipimo cha wanyama hao, na waendeshaji wake, ikiwa ndio wenye mali, kwa kipimo cha wapandaji. Kila mmoja hudaiwa nusu ya hasara ya mwenzake, kwa kuwa mgongano ulitokana na vitendo vya wote wawili, na nusu iliyobaki ya hasara yake ameitia mwenyewe. Lakini ikiwa upepo uliwashinda bila ya uzembe wao, kauli iliyo na nguvu zaidi katika madhehebu ni kwamba hapana fidia.

Hesabu hii yastahili kutazamwa kwa makini. Tuseme chombo kimoja kimepata hasara ya reale 600 na kingine reale 200. Kwa hukumu ya Minhaj mwenye chombo cha kwanza abeba 300 katika hasara yake na kumlipa mwenziwe 100. Jumla ni 400. Mwenye chombo cha pili abeba 100 zake na kulipa 300. Jumla ni 400 vile vile. Sasa Mahakama ya Bahari ya Uingereza, ilipoona kuwa pande zote mbili zina makosa, ilizijumlisha hasara zote na kuzigawa katikati: 800 kwa mbili, yaani 400 kila mmoja. Njia mbili za kufikiri, moja ya wanavyuoni wa Sham na nyingine ya majaji wa London, zafika kwenye fungu lile lile. Uingereza iliiacha kanuni ya nusu mwaka 1911, baada ya mkataba uliofanywa Brussels mwaka 1910 kuamua kuwa kila upande ulipe kwa kadiri ya kosa lake. Mahakama za Marekani ziliendelea nayo hadi 1975.

Walakini fidia huja baada ya mbao kuvunjika na watu kuzama. Wenye kushika usukani walihitaji jibu la mapema zaidi, na walilipata katika desturi kabla ya kulipata katika sheria. Desturi hiyo yaonekana wazi katika hukumu ya mwaka 1815 kuhusu merikebu iliyoitwa Woodrop-Sims. Jaji alikuwa Sir William Scott, aliyekuja kuitwa Lord Stowell. Wanasheria wamzoea kwa sababu katika hukumu hiyo alizipanga aina nne za mgongano: ule usio na kosa la mtu, ule wenye makosa ya pande zote mbili, ule ambao aliyeumia ndiye aliyekosa, na ule ambao aliyekosa ni yule mwingine. Kwa mabaharia jambo kubwa zaidi lilikuwa lile alilolitaja kana kwamba lajulikana na kila mtu: chombo chenye upepo mwema ndicho chenye wajibu wa kukiepa chombo kinachobisha.

Msingi wa desturi hiyo si huruma, ni uwezo. Chombo kinachobisha kimekwisha kukaza kwa kadiri kiwezavyo. Hakiwezi kuelekea zaidi kwenye upepo bila ya tanga kutikisika na mwendo kufa. Na kikiteremka chini ya upepo chapoteza njia iliyopatikana kwa taabu, pengine kwa saa nzima. Chenye upepo mwema chaweza kugeuka kulia au kushoto na baada ya dakika chache kurudi katika njia yake bila ya kupoteza kitu. Mwenye nafasi ndiye ampishaye asiye na nafasi. Watu wa miji ya pwani waliijua hukumu hiyo katika nchi kavu pia. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe na vya Lamu mchukuzi aliyejitwika mzigo hupiga ukelele wa «simile!», neno ambalo hudhaniwa kuwa limetokana na bismillahi, na mtu asiye na mzigo, hata awe mkubwa namna gani, hujibanza ukutani. Hakuna anayeuliza mchukuzi atokea mkono gani. Mzigo wake ndio hoja yake.

Kutazama mkono kulianza pale ambapo hoja ya mzigo haikutosha. Vyombo viwili vyote vinabisha, kila kimoja kwa mkato wake, na vyakutana: hapo taabu ni sawa kwa wote, na lazima patafutwe alama nyingine. Trinity House, chama cha Uingereza chenye kuangalia minara na marubani, kilitoa tangazo mwaka 1840 ambamo desturi iliandikwa: wenye upepo mwema wawapishe wanaobisha, na kati ya wanaobisha, mwenye upepo wa kulia ashike njia yake, mwenye upepo wa kushoto ateremke chini ya upepo na kupita nyuma. Alama hiyo haina haki ndani yake. Upepo wa kulia si bora kuliko wa kushoto. Faida yake ni moja tu, kwamba wote wawili waijua kabla ya kuonana.

Na kwa kuwa kulia na kushoto sasa vilibeba maisha ya watu, maneno yenyewe yalianza kuangaliwa. Mabaharia wa Kiingereza walikuwa na majina mawili ya pande za merikebu yaliyofanana mno kwa sauti, hata katika dhoruba mshika usukani aliweza kusikia moja badala ya jingine. Mwaka 1844 wakuu wa manowari za Uingereza waliamuru jina la upande wa kushoto liachwe na mahali pake litumike neno jingine fupi lisilofanana na la kulia. Utata mwingine ulidumu muda mrefu zaidi. Amri ya usukani ilihusu kana, si chombo: kuamrisha usukani kushoto kulikuwa na maana ya kuisukuma kana kushoto, na chombo kikageuka kulia. Hata merikebu zilipopata gurudumu badala ya kana, amri ilibaki ile ile ya kinyumenyume, na Uingereza haikuibadilisha ila mwaka 1933.

Katika hali hiyo zikaja merikebu za moshi. Hizo hazina goshi wala demani. Zaweza kwenda kokote, na kwa hiyo mzigo wa upepo hauwi hoja kwazo. Hazina budi kutegemea mkono. Kanuni ya kila moja kugeuka kulia na kupita kushoto kwa kushoto ilifaa, maadamu zinakutana uso kwa uso. Kosa lilifanywa mwaka 1854, Bunge la Uingereza lilipotunga Sheria ya Merikebu za Biashara na kuieneza kanuni hiyo kwa vyombo vyote, vya moshi na vya tanga, vinavyobisha na vyenye upepo mwema. Chombo cha tanga kilichokuwa kikibisha kwa upepo wa kulia kiliachiwa kidogo tu: kilipewa ruhusa ya kutunza uwezo wake wa kuongozwa. Kwa mara ya kwanza nahodha wa tanga aliamriwa afuate mkono dhidi ya upepo. Zaidi ya hayo, sheria haikutofautisha vizuri kukutana uso kwa uso na kukatizana njia, na nahodha aliyegeuka kulia kwa kutii aliweza kujikuta amejitia mbele ya chombo ambacho kingempita salama lau asingaligeuka. Yawezekana kusema bila ya kumwonea mtu kwamba sheria hiyo ilitungwa na watu waliotazama maji kutoka kwenye chumba cha injini.

Marekebisho yalikuja mwaka 1863, Uingereza na Ufaransa zilipokubaliana juu ya kanuni mpya, na katika muda mfupi mataifa mengi ya bahari yakazikubali. Tanga ilirudishiwa sheria yake. Mwenye upepo mwema ampishe anayebisha. Anayebisha kwa upepo wa kushoto ampishe anayebisha kwa upepo wa kulia. Wenye upepo mwema wawili wenye pepo za pande mbalimbali, wa kushoto ampishe wa kulia. Wakiwa na upepo upande mmoja, aliye goshini ampishe aliye demanini. Na mmoja wao akiwa na upepo wa tezi kabisa, vile vile aliye goshini ampishe aliye demanini. Merikebu ya moshi ikatakiwa kuipisha ya tanga. Thomas Gray, ofisa wa Idara ya Biashara ya Uingereza, alizitia kanuni za meli katika beti ili mabaharia wazihifadhi kwa moyo, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kuona elimu ikitiwa katika utenzi, hatalistaajabia.

Usiku ulikuwa na shida yake. Taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia zililazimishwa kwa merikebu za moshi za Uingereza mwaka 1848 na kwa za tanga mwaka 1858. Taa huonyesha omo imeelekea wapi, lakini haionyeshi upepo. Mwenye kuona taa ya kijani gizani ajua kuwa ubavu wa kulia wa mwenzake umemwelekea. Hajui kama mwenzake anabisha au ana upepo mwema, ila kwa kukisia kutokana na upepo anaousikia yeye mwenyewe shavuni. Wala haki haikuwa ngao. Tarehe 22 Novemba 1873, katika bahari ya Atlantiki, meli ya Kifaransa Ville du Havre iligongana na merikebu ya tanga Loch Earn. Kwa mujibu wa kanuni meli ndiyo iliyopaswa kupisha. Ilizama kwa muda wa dakika 12 hivi, na watu 226 wakafa. Loch Earn nayo, iliyokuwa na haki, iliachwa na mabaharia wake baadaye kwa sababu omo yake ilikuwa imevunjika.

Mkutano wa Washington wa mwaka 1889 uliziendeleza kanuni za tanga karibu kama zilivyokuwa, na mikutano iliyofuata vivyo hivyo. Mabadiliko makubwa yaliletwa na mkutano wa London wa mwaka 1960, ambao kanuni zake zilianza kutumika tarehe 1 Septemba 1965. Tofauti baina ya anayebisha na mwenye upepo mwema, ambayo Sir William Scott aliiona kuwa ndiyo sheria yenyewe, ilifutwa. Yalibaki maswali mawili: upepo wakujia kwa upande gani, na ikiwa ni upande mmoja, nani yuko goshini? Kanuni za mwaka 1972, zilizoanza kutumika tarehe 15 Julai 1977, ziliyaacha hivyo hivyo, zikaongeza kwamba mwenye upepo wa kushoto, akimwona mwingine goshini kwake na asiweze kutambua upepo wa mwenzake u upande gani, na ampishe tu.

Hoja za mabadiliko hayo hazikuwa dhaifu. Kubisha si hali yenye mpaka dhahiri: chombo kilicholegeza demani kidogo tu, je, chabisha bado? Manahodha wawili waliweza kulijibu swali hilo kwa namna mbili, kila mmoja kwa faida yake, na majibu mawili baharini ni mgongano. Upande wa tanga waonekana kwa mbali. Lakini yafaa kukumbuka kuwa kufikia 1960 merikebu kubwa za tanga zilikuwa karibu kwisha katika biashara ya Ulaya, na tanga lililobaki huko lilikuwa zaidi la mashua za anasa na za mashindano. Kanuni za mashindano zilizotungwa na Mmarekani Harold Vanderbilt zilikuwa zimekwisha kuiondoa tofauti ile. Mashua ya mashindano hugeuza omo yake kupita kwenye upepo kwa nukta chache. Vyombo vya Bahari ya Hindi, vilivyokuwa bado vikichukua tende, chumvi, samaki na boriti kwa mamia, haviwezi hivyo.

Tanga la jahazi huning'inia kwenye foromali ndefu. Ili kubadili mkato, chombo kikubwa aghalabu hakipiti kwenye upepo, bali huteremka na kuugeuzia tezi. Demani hufunguliwa, foromali husimamishwa wima mbele ya mlingoti na kuhamishiwa upande wa pili, na tanga lote huzungushwa. Kazi hiyo yataka watu wengi na nafasi kubwa ya maji. Alan Villiers, aliyesafiri na Waarabu wa Kuwait hadi Unguja na Rufiji katika msimu wa 1938–39, aliieleza kwa mshangao wa baharia aliyelelewa katika merikebu za matanga ya mraba. Na kwa upande wa upepo, chombo cha foromali kikikaza kupita kiasi hata tanga likapigwa kwa mbele na kubanwa kwenye mlingoti, kimo hatarini.

Mtu akitaka kupima uzito wa mabadiliko ya 1965 katika pwani hii, na afuate pepo zake mbili. Katika kaskazi, itokayo kaskazini-mashariki, chombo chenye upepo mwema huelekea kusini nacho hupokea upepo kwa kushoto. Kikikutana na kinachobisha kwa upepo wa kulia, kanuni ya leo yakitaka kipishe. Kikikutana na kinachobisha kwa upepo wa kushoto, upepo ni wa upande mmoja, na kwa kuwa chashuka nao, chenyewe ndicho kilicho goshini, chapisha tena. Katika nyakati hizo mbili sheria ya kale na ya sasa zasema neno moja. Katika kusi chenye upepo mwema huelekea kaskazini kwa upepo wa kulia. Kikimkuta anayebisha kwa upepo wa kulia, chapisha kwa kuwa kiko goshini. Yabaki namna ya nne peke yake, ile ya jahazi la Bagamoyo na mashua ya Pangani, na hapo ndipo sheria mbili zinapoachana.

Ni jambo moja katika manne, lakini ndilo baya kuliko yote kubadilishwa. Mkato wa upepo wa kushoto katika kusi ndio unaoelekea bara. Mashua yaenda kwenye miamba, imekaza tanga, nahodha ahesabu ni wapi atageuza. Akitakiwa kupisha, na akiteremka chini ya upepo kama ilivyoagizwa tangu 1840, omo yake yageuka kulia, yaani yazidi kuuelekea mwamba. Akitaka kubadili mkato kwa kuzungusha foromali, ahitaji maji yale yale ambayo mwamba umeyachukua. Akikaza zaidi, tanga lamrudia. Jahazi lenye upepo mwema na bahari pana kuliani lapewa na kanuni amri ya kushika njia na mwendo wake. Ni kweli kwamba kanuni hizo hizo, katika sharti lao la pili, zaagiza hatari maalumu na udhaifu wa vyombo vitiwe maanani, na la kumi na saba laliruhusu jahazi kuepa mara lionapo kuwa mashua haitendi ipasavyo. Lakini hilo ni kuirudisha kwa dirisha hoja iliyotolewa kwa mlango.

Liko pia jambo la macho. Tanga la jahazi ni kubwa na limeshuka chini, nalo humzibia mwenye usukani upande wote wa demani. Kanuni ya upepo wa upande mmoja humtaka aliye goshini ampishe aliye demanini, yaani humtwika wajibu yule ambaye tanga lake mwenyewe limemfichia mwenzake. Hakuna dawa ila kuweka mtu omoni, mwenye sauti. Kanuni ya tano, iamrishayo ulinzi wa macho na masikio, katika jahazi maana yake ni mtu huyo.

Kilichowalinda watu wa pwani kwa karne nyingi kwa sehemu kubwa ni msimu. Vyombo vya Arabuni na Ghuba viliteremka na kaskazi na kurudi na kusi, vyote kwa njia moja na kwa wakati mmoja. Wavuvi hutoka alfajiri na umande na kurudi mchana na upepo wa bahari, nao vile vile huenda pamoja. Mwenye kwenda bisho alikuwa mchache, akaonekana mapema. Hatari ilikuwa kwenye milango ya bandari, na hatari hiyo ilizidi meli zilipoanza kuja kwa ratiba, tangu meli za barua za British India zilipoanza kufika Unguja mwaka 1872. Meli haina msimu. Sheria ya sasa bado yasema meli ipishe tanga, lakini katika mlango mwembamba chombo cha tanga, na chombo chochote kisichofika meta 20, kimekatazwa kuizuia meli isiyoweza kupita salama nje ya mlango huo. Katika mlango wa Dar es Salaam au wa Kilindini, kwa hiyo, nahodha wa mashua akumbuke kwamba haki aliyonayo nje humwacha penye boya la kwanza.

Neno haki lenyewe, kwa hakika, halimo katika kanuni za 1972. Zataja chombo kinachopisha na chombo kinachoshika njia, na vyote viwili vimepewa wajibu, si fadhila: cha kwanza kiepe mapema na kwa dhahiri, cha pili kisibadili njia wala mwendo ili mwenzake aweze kumhesabu. Kiswahili hapa chaenda pamoja na kanuni bila ya kulazimishwa. Pisha ni kufanya mwingine apite. Pishana ni kufanyiana hivyo. Mwenye kutafsiri anayeanza na «haki ya njia» ameingiza fikira ya barabara na mashamba mahali ambapo kitenzi cha kawaida kingetosha.

Lipo neno jingine ambalo mtafsiri angelipata tayari. Waandishi wa kanuni walipotaka kueleza upande wa upepo walikuta kuwa upepo wenyewe hauwafai, maana kwa chombo chenye upepo wa tezi kabisa hapana ajuaye watoka kulia au kushoto. Wakaamua kwamba upande wa upepo uhesabiwe kuwa ule unaokabili upande lilipo tanga kuu. Yaani walilitazama tanga, si hewa. Baharia wa pwani alikuwa ameuita upande huo kwa jina la pembe ya tanga, na ule mwingine kwa jina la kamba iliyo mkononi mwake. Ilipo demani, hapo ndipo upepo usikotoka.